Mistari Minane ya Mulango wa Maji

Vijana wa ordinatere, hizo kompyuta zenu, karibuni mucheke. Juzi mujukuu wangu alinipeleka ku biro yao, nikakuta vijana sita wanakula mikate ya mafuta mbele ya mashini. Nikauliza kazi iko wapi. Wakanijibu na heshima yote: "Koko, mashini iko inafanya. Inasoma masharti ya programu na kutuonyesha makosa, kabla hata mustari mumoja wa programu haujaandikwa." Nikaanza kucheka. Nikacheka mpaka mumoja akaniletea maji. Walifikiri uzee umenipanda kichwani. Kumbe mi nilifanya kazi hiyo yenyewe, hapa hapa Bunia, miaka ile wazazi wenu walikuwa bado wanakimbiza matairi barabarani, na mashini yangu ilikuwa mufuko wa vizibo vya bia.

Ndiyo, vizibo. Vile vya kufunika chupa. Mukitaka kucheka, ngojeni kwanza, maana bado sijafika pale pa kuchekesha.

Kazi yenyewe ni hii. Kabla mutu hajaandika programu, lazima kuwe na karatasi inayosema mashini ifanye nini. Kwa Kifaransa ni cahier des charges, siye tulisema kaye ya masharti. Mi nililipwa kwa kuitafutia makosa ile kaye kabla haijapanda ndege kwenda kwa wale watakaoandika programu. Sababu mashini haijui ile ulifikiri. Inajua ile uliandika, basi. Ukiandika ujinga, itafanya ujinga mbio sana, asubuhi na mangaribi, na haitachoka wala haitaona haya.

Niliingia kazi hii kwa mulango wa aibu. Nilikuwa daktilo, mupiga taipu, ku kiwanda kimoja cha kahawa, upande wa Shari, na siku moja Direkta akaniambia niandike amri ya sirene mpya ya umeme. Shefu wa Watu, ule aliyesimamia wafanyakazi, alitaka mutu asitoke kabla sirene haijalia. Mulinzi wa sirene naye akauliza atajuaje saa, maana hakuwa na saa ya mukono. Mi, na akili yangu ya daktilo, nikaandika amri mbili. Kwanza: mufanyakazi yeyote asiache kazi kama sirene haijalia. Pili: mulinzi apige sirene anapoona wafanyakazi wameacha kazi. Nikapiga safi, bila kosa la herufi hata moja. Direkta akasaini, tena akanisifu.

Siku ya kwanza, saa ya kutoka ikafika, ikapita. Ndani watu wanangojea sirene. Nje mulinzi ameweka kidole juu ya buto, anangojea watu. Kila mutu anafuata amri! Jua linashuka, bado wanangojeana, na mi niko biro nangojea vilevile, maana nami ni mufanyakazi. Aliyetuokoa ni bibi ya fundi mumoja. Alifika ku geti na mwiko mukononi, anapiga kelele: "Weye, toka! Iko bibi gani humu ndani anakupikia?" Bwana yake akatoka mbio. Mulinzi akaona mutu ameacha kazi, akabonyeza. Sirene ikalia, kiwanda kizima kikapiga makofi, na mi nikajificha chini ya meza.

Huko chini ya meza ndiko Muzee Ukelo alinikuta. Alikuwa mukubwa wa biro ya mipango, mutu wa Mahagi, murefu, mukondefu, abacost yake, ile suti yetu ya bila tai, inamupwaya mabegani. Zamani alifundisha hesabu kwa mapadri, ile hesabu mupya ya ndiyo na hapana, mpaka kiwanda kikamuchukua. Alikuwa amecheka kwa sirene yangu hadi ametoa miwani. Akainama, akaniambia: "Sitwayen Dhesi, kuya kwangu." Miaka ile kila mutu alikuwa sitwayen, mume kwa muke, hakuna tena mesye wala madame. Nikamuuliza: "Muzee, unanichukua juu ya kosa?" Akasema: "Kosa lako ni zuri sana. Liko wazi kabisa. Watu wengine wanakosa na hata huwezi kuona wamekosa wapi."

Basi nikahamia biro ya mipango, chumba kimoja na meza ya ping-pong ambayo padri mumoja alituachia. Juu ya ile meza Muzee aliweka kengele ya baiskeli. Kila mara mutu akisoma neno lisiloshikika, tring! "Kwa kawaida" tring! "Kama inawezekana" tring! Shefu wa Kahawa alileta karatasi imeandikwa "maji yawe ya kutosha". Tring, tring, tring! "Ya kutosha kwa nani?" Muzee akamuuliza. "Kwa bata ao kwa kiboko?" Shefu akanuna wiki nzima. Lakini wiki iliyofuata alileta karatasi na alama ya rangi, kwamba maji yafike hapa, na kengele ikanyamaza.

Chukueni hii, vijana, haina bei. Kila sharti muliandike hivi kwamba mutu akisimama pale, na macho yake mawili, anaweza kujibu ndiyo ao hapana. Akisema "inategemea", rudi nyumbani ukaandike upya.

Sasa vizibo. Kizibo kikilala na tumbo lake linalong'aa juu, ni ndiyo. Kikilala na rangi juu, ni hapana. Ukiwa na jambo moja, kuna hali mbili tu. Mambo mawili, hali nne. Matatu, nane. Unapanga vizibo mustari kwa mustari juu ya meza, hali zote ambazo dunia inaweza kukuletea, bila kuruka hata ile unayoona haiwezekani. Kisha unasoma kaye ya masharti kwa kila mustari: hapa mashini ifanye nini? Kama sharti moja linasema fanya na lingine linasema usifanye, Muzee aliita ule ugonjwa ugomvi. Kama hakuna sharti linalosema kitu, aliita shimo. Sirene yangu ilikuwa ugonjwa wa tatu, muzunguko. Dawa ilikuwa moja: kupanga yote, kusoma yote, bila uvivu.

Shida ilikuwa kupata vizibo. Mambo kumi yanataka mistari zaidi ya elfu! Nilikuwa napita ku bar asubuhi, na sketi yangu ya kazi, naokota vizibo chini ya viti. Watu wa Nyakasanza, mutaa wetu, wakaniona. Maneno yakamufikia mama yangu kule Bule, akapanda camion na rozari yake mukononi kuja kuniombea niache pombe. Nikamuchukua mama, nikamupeleka biro, nikamuonyesha meza. Akaangalia vizibo, akaangalia Muzee Ukelo na kengele yake, akasema polepole: "Afazali pombe."

Wee! Ile siku hatukufanya kazi tena.

Bon. Nikuje kwa mulango wa maji, maana pale hakukuwa tena na muchezo.

Kiwanda chetu kilikuwa na mufereji mukubwa uliotoka mutoni, ukapita katikati ya nyumba za watu, ukaleta maji ku tangi la kuoshea kahawa. Kule juu, mahali mufereji unaanzia, kulikuwa mulango wa chuma. Mulinzi mumoja wa zamani aliufungua na kuufunga kwa mukono, akizungusha gurudumu. Na ndani ya mufereji walifanya kazi bamama wa kutoa matope, wanaingia na majembe mpaka magotini. Mukubwa wao alikuwa dada yangu, Yaya Mave. Mulinzi akitaka kufungua, kwanza alisimama, akaangalia chini, akapiga kelele, bamama wakatoka. Maji ya ule mulango yalikuja na nguvu ya kuangusha ngombe. Mutu angekuwa ndani, tungemuokota chini ku tangi.

Sasa mulinzi akazeeka, na Direkta akaamua kununua mashini ya Ulaya, kisanduku cha programu ambacho kitafungua na kufunga chenyewe. Wenye kuiuza wakaandika: tutumieni kaye ya masharti, na chini yake iwe saini ya mutu aliyeiangalia. Muzee Ukelo akanigeukia. "Weye ndiye utasaini," akasema. "Mi nitasaini nyuma yako." Mulinzi alikuwa na macho. Kisanduku hakina. Na ndani ya mufereji iko dada yangu. Nililala vibaya siku nyingi, nawaambia ukweli.

Bashefu watatu wakaleta masharti yao. Shefu wa Kahawa: tangi likipungua, mulango ufunguke, siku zote. Shefu wa Maji: muto ukifika alama nyekundu, mulango ufunguke, siku zote, ili ukuta wa kuzuia maji usibomoke. Shefu wa Watu: watu wakiwa ndani ya mufereji, mulango ufungwe, siku zote. Kila mumoja na "siku zote" yake! Na munajua desturi yetu. Neno la shefu likishaandikwa, nani atalikata? Kulikata ni kumuvua suruali mbele ya watu. Kwa hiyo kaye ilibeba yote matatu, na kila mutu alifurahi.

Mambo matatu, mistari minane. Nikapanga. Mustari ambao muto uko nyekundu na watu wako ndani: shefu mumoja anafungua, mwingine anafunga. Ugomvi! Mustari ambao tangi limejaa, muto uko chini, hakuna mutu ndani: hakuna aliyesema kitu. Shimo! Na hapo mulango ungebaki vile ulivyo: kama ulikuwa wazi, wazi milele, kahawa yetu yote ielee mpaka ziwani.

Muzee akaita kikao. Bashefu wakaangalia vizibo vyangu wakaanza kupiga kelele, kila mumoja analinda neno lake. Muzee akapiga kengele.

"Sitwayen Direkta," akasema, "na heshima yote, simama. Weye ni mulango."

"Mi? Mulango?"

"Panua mikono, uko wazi. Kunja mikono, umefungwa. Bashefu, muto uko nyekundu na watu wako ndani. Toeni amri."

"Fungua!" Shefu wa Maji akasema. Direkta akapanua mikono.

"Funga!" Shefu wa Watu akasema. Direkta akakunja.

"Fungua, siku zote!"

"Funga, siku zote!"

Direkta, mutu munene, mutu wa heshima, mikono inakwenda, inarudi, jasho linashuka kwenye kola ya abacost. Mi nilikuwa nimeuma mutandio wangu ili nisicheke. Mwishowe akaanguka kwenye kiti, anahema, akasema: "Bon. Inatosha. Mulango huu ni mwenda wazimu. Sasa nani anakata neno lake?" Na yeye mwenyewe akatoa jibu: muto ukiwa nyekundu, tufungue njia ya zamani ya pembeni, ile inayorudisha maji mutoni bila kupita mufereji. Watu wakiwa ndani, mulango unafungwa, hakuna "lakini". Na kama hakuna sababu ya kufungua, umefungwa. Hivyo shimo na ugomvi vikazibwa siku moja, na kila shefu aliona ni Direkta amemukata, si mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyeaibika.

Ikabaki swali moja: kisanduku kisicho na macho kitajuaje watu wako ndani? Shefu wa Maji akajibu vizuri sana. Ufunguo mumoja utundikwe ku kibanda cha mulinzi, kwenye ndoano yenye waya unaokwenda ku kisanduku. Bamama wakiingia, Yaya Mave anachukua ufunguo. Wakitoka, anaurudisha. Ufunguo haupo, watu wako ndani. Ufunguo upo, mufereji mutupu. Tukapiga makofi. Nikapanga tena mistari minane, nikaisoma mara tatu, na Muzee akaisoma nyuma yangu kuanzia chini kwenda juu. Hakuna ugomvi, hakuna shimo, hakuna muzunguko. Nikasaini. Loo, saini ile! Niliiwekea mukia murefu. Bahasha ikaenda ku uwanja wa ndege, kungojea ndege ya Alhamisi.

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa Yaya Mave kujisifu. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikapanga vizibo chini mbele ya kinu, nikamueleza mustari kwa mustari. Yaya hakusoma hata darasa moja, lakini alisikiliza vizuri huku anatwanga.

"Hiki ni tangi," nikasema. "Hiki ni muto. Hiki ni ufunguo, ndiyo nyinyi bamama."

"Nimeelewa. Na Samedi iko wapi?"

"Samedi gani, Yaya?"

"Samedi ya Salongo. Kizibo yake iko wapi?"

Nikasimama na kizibo mukononi. Vijana, Salongo hamukuikuta. Kila Samedi, ni kusema Jumamosi, asubuhi raia wote walitoka kufanya kazi ya usafi, ilikuwa amri ya serikali, na shefu wa kartiye, mukubwa wa mutaa, alichagua mahali. Na kwa sababu mufereji ulipita katikati ya nyumba, mara nyingi alichagua mufereji. Watu waliingilia upande wa barabara, chini ya daraja, wazee, bibi na watoto wao, na fagio na majembe. Hakuna hata mumoja aliyepita ku kibanda cha mulinzi.

"Lakini Yaya, weye uko na ufunguo," nikasema. "Weye utauchukua."

"Aka! Samedi mi siko mufanyakazi, niko raia. Naingia na watu wa kartiye. Ufunguo ni wa kiwanda, na Samedi kiwanda hakinilipi."

Ufunguo uko kwenye ndoano. Mashini inasoma: mufereji mutupu. Tangi linapungua. Mulango unafunguka. Mistari yangu minane ilikuwa mizuri, imenyooka, na chini yake iko saini yenye mukia, na ingemwaga muto mzima juu ya kartiye na dada yangu katikati.

"Ndege iko saa ngapi?" Yaya akauliza. Ndipo nikakumbuka niko na miguu.

Nilikimbia! Viatu mukononi, vizibo vinamwagika barabarani, watu wanasema "Muone, ule wa bia!" Mutu mumoja wa ndizi alipita na baiskeli, nikamurukia nyuma juu ya mikungu bila kuomba. "Uwanja wa ndege!" Akasema: "Mama, na ndizi zangu?" Nikasema: "Ndizi zitaiva njiani!" Tulianguka mara mbili. Mara ya pili yeye ndiye alisema: "Panda, panda, tutachelewa," na hakujua hata tunachelewa nini.

Ndege ilikuwa imeshawasha, propela inazunguka. Mutu wa mizigo akanizuia: "Uko na karatasi ya ruhusa?" Nikamwambia bahasha ile iko na kosa. Akasema bila karatasi hakuna kitu kinashuka. Vijana, na mi mutu wa karatasi maisha yangu yote, nilimupita mbio, nikasimama mbele kabisa kwenye uwanja, mikono imepanuka, mutandio umeruka, matope mpaka masikioni. Rubani akazima injini. Akashuka, akaniangalia kuanzia chini mpaka juu, akasema: "Sitwayen, nani amekufa?"

"Bado," nikasema. "Bado hajakufa mutu. Nipe bahasha yangu."

Akanipa. Nilicheka, nikalia, nikacheka. Mutu wa ndizi akanigawia ndizi.

Sasa kurudi biro na kusema "nimesaini uongo". Hiyo ilikuwa ngumu kuliko propela. Muzee Ukelo alisikiliza mpaka mwisho. Nikangojea anifukuze. Akachukua vizibo vilivyobaki mufukoni mwangu, akavipanga, akaviangalia sana, kisha akaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka! "Dhesi," akasema, "hesabu yetu ilikuwa safi. Tulihesabu dunia ingine." Akafuta miwani. "Vizibo vinakuonyesha kama maneno yako yanagombana. Kama maneno yako ni ya kweli, vitajuaje, maskini? Ile lazima uende kuuliza mutu mwenye kusimama ndani ya maji. Kuuliza si ujinga, na siye hatukuuliza." Mukumbuke hiyo, nyinyi mulio na mashini ya kuangalia masharti. Inaangalia karatasi. Haitwangi sombe.

Bashefu wakaleta dawa zao. Tumupe shefu wa kartiye ufunguo wa pili, wakasema. Nikauliza: na akiwa kwenye kilio? Na akituma ndugu yake? Na mutoto akifuata mubuzi wake aliyeanguka ndani siku ya Jumatatu, naye tumupe ufunguo? Hapo ndipo nikageuza sharti lote chini juu. Tulikuwa tunatafuta alama kwamba watu wako ndani. Kila aliyekosa kuacha alama, tulisema hayuko. Basi tutafute alama kwamba watu hawako! Tangi likipungua, mashini isifungue. Iwashe taa ya njano, iombe. Mutu asimame juu ya daraja, pale mufereji wote unaonekana, aangalie na macho yake, kisha abonyeze buto. Dakika kumi na tano zikipita, neno lake limekufa, aangalie tena. Hakuna aliyebonyeza? Mulango umefungwa. Akilala, umefungwa. Waya ikikatika, umefungwa.

Shefu wa Kahawa akashika kichwa: "Maji yatachelewa!" Direkta akamujibu: "Yachelewe." Tukasaini tena, mi safari hii bila mukia, na bahasha ikaondoka na ndege iliyofuata. Rubani aliponiona alishuka kabisa, akauliza kama niko na uhakika.

Mashini ikafika miezi mingi baadaye, na fundi kijana wa Ulaya, pua imebabuka kwa jua. Akatuuliza kwa nini hatuamini ufunguo, maana kwingine kote alikofunga mashini wanatumia ufunguo na wanafurahi. Direkta akamwambia: "Kwingine hawana Salongo." Kisha akachagua siku ya kujaribu: Samedi, msimu wa mvua, kartiye yote iko kando ya mufereji na majembe yao. Tangi likamwagwa kwa makusudi mpaka likabaki tupu. Ufunguo wa bamama, ule wa kaye ya kwanza, aliutundika kwenye ndoano na mukono wake mwenyewe, ili kila kitu kiwe sawa na ile siku ambayo ingetuua. Muto ulikuwa unaguruma nyuma ya chuma. Direkta akanigeukia.

"Sitwayen Dhesi, saini yako iko chini ya ile karatasi. Saini ishuke."

Eh, mama yangu! Nikavua viatu. Nikashuka ndani ya mufereji peke yangu, matope mpaka magotini, nikageuka uso kwa mulango. Nilianza kucheka na nilishindwa kuacha. Kicheko cha woga, munakijua? Meno yanagongana na unacheka. Muzee Ukelo kule juu alikuwa ametoa miwani ili asione. Kisanduku kikalia klak. Taa ya njano ikawaka. Mutu wa daraja akaja, akaangalia chini, akaniona ninacheka peke yangu ndani ya matope, akaweka mikono nyuma ya mugongo wake. Tukangojea. Dakika moja, mbili, tano, na tangi tupu linaita maji, na mulango haukutikisika hata kidogo.

Ndipo Yaya Mave akaruka ndani na jembe lake. Nyuma yake bamama, nyuma ya bamama kartiye yote, na nyimbo, na watoto wanarusha maji. Sasa, bamama wale walikuwa na desturi ambayo niliiona miaka yote bila kuuliza. Wakiinama kutoa matope, mumoja wao hakuinama kamwe. Alisimama, uso kwa mulango wa chuma, hakusema, hakuchimba, aliangalia tu maji yasiwashukie ghafula, na walipokezana. Siku ile zamu ilikuwa ya mama mumoja kijana, mutoto mugongoni. Alikuwa ameshageukia mulango. Akauliza: "Yaya, nisimame?"

Yaya Mave akaangalia mulango. Akaangalia taa ya njano. Akaniangalia mi, muda murefu sana, vile dada mukubwa anakuangalia.

"Chukua jembe," akamwambia.

Yule mama akainama. Wote waliinama, migongo yote kwa mulango, hakuna hata kichwa kimoja kilichobaki juu isipokuwa changu. Yaya akanirushia tope kifuani. "Na weye," akasema, "umesimama juu ya kazi yetu. Inama!"

Nikainama.